Turubai, ukili au begi la Kariakoo: mwanafunzi wa uzamili avae nini Mtwara

Tuseme una laki moja na nusu, umebakiza mwezi kabla ya kutetea pendekezo lako la utafiti, na umechoka kuonekana kama mtu aliyeamka akavaa kilichokuwa juu ya kiti. Uko Mtwara, pengine Lindi. Una macho: mshono uliopinda unauona, kifungo cha plastiki kwenye shati la gharama kinakuudhi, na ukiingia ofisi ya watu kitu cha kwanza kukiangalia ni miguu ya meza. Ulinganisho huu ni wako.

Njia ziko mbili. Unaweza kutazama picha za wanafunzi wa usanifu wa Milan, London na Tokyo, ukachagua unachokipenda, ukaagiza kinachofanana nacho Kariakoo kije na basi, safari ya kilomita zisizopungua 550. Au unaweza kutafuta malighafi hapahapa ukamkalisha fundi. Mimi sina ugomvi na cha kigeni, saa niliyovaa sasa hivi ni ya Kijapani. Ugomvi wangu ni na unyevu.

Sare ya watu wa usanifu duniani inajulikana: nyeusi juu hadi chini, miwani ya duara aliyowazoesha watu msanifu majengo Le Corbusier, begi la Kånken mgongoni, Casio ya plastiki mkononi, daftari jeusi lenye mpira wa kufungia. Kila kimoja kati ya hivyo kilizaliwa na sababu. Kånken ilitoka Sweden mwaka 1978 ili kuokoa migongo ya watoto wa shule. Casio F-91W ilitoka mwaka 1989, nyepesi, rahisi, haisumbui. Mtindo ukishasafiri, sura hufika na sababu hubaki njiani. Ndiyo maana hapa chini sipimi kitu kwa kuuliza kinavaliwa wapi. Ninauliza kimetengenezwa na nini, na hicho kitu kikikaa kwenye joto, chumvi ya bahari, vumbi jekundu na mvua za Novemba hadi Aprili kitakuwaje.

Begi

Tuanze na begi, kwa sababu ndilo linalobeba kompyuta, na kompyuta ndiyo inayobeba tasnifu. Hapa ndipo ningeweka sehemu kubwa ya pesa.

Mgombea wa kwanza ni Kånken ya kuiga. Umbo lake la mstatili ni zuri kweli, karatasi za A4 zinasimama wima bila kukunjika. Halisi hushonwa kwa kitambaa ambacho nyuzi zake huvimba kidogo zikilowa na hivyo kuzuia maji. Ya kuiga ni poliesta iliyopakwa poliurethani upande wa ndani, ule utando unaong'aa ukiligeuza begi nje ndani. Poliurethani ya bei ndogo haipatani na pwani. Unyevu huivunja kidogo kidogo, joto likisaidia, mpaka utando unaanza kunata kwenye vidole, halafu unabanduka vipande vipande na unga wake unaingia kwenye kibodi. Ni ugonjwa uleule unaobandua mikoba ya ngozi bandia iliyotundikwa kabatini, tena hata ambayo haijabebwa. Anayelinunua begi hili akiwa Dodoma kwenye ukavu atakaa nalo. Wewe wa Shangani hapa Mtwara, ambaye hata shuka linaamka na unyevu, usilitegemee. Ila ukikutana na halisi kwenye mitumba, na huwa inatokea, usisite: nembo yake ya duara humeta ikimulikwa na taa ya simu, ya kuiga mara nyingi haimeti.

Mgombea wa pili ni kikapu cha ukili. Tangu Juni 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, kikapu kimerudi mjini, na vijana wa vyuo wamekichukua wakakipa bitana ya kitenge, zipu juu na mikanda ya ngozi. Kwa sura tu, hakuna begi kwenye orodha hii linalokifikia. Ukili ni kazi ya hesabu: majani ya ukindu au miaa yanasukwa utepe mrefu, utepe unashonwa ukizunguka, na rangi iliyoingizwa kwenye majani machache inatokea kama msitari uliopimwa kwa rula kumbe umetoka kwenye vidole. Ukienda kununua, achana kwanza na rangi. Kigeuze uangalie kitako, pale utepe ulipoanzia. Kitako kikiwa kimebanana na uzi haujaruka, kikapu ni kizima. Kibonyeze ubavuni uone kama kinarudi. Kisha vuta mpini kwa nguvu mbele ya mwenye nacho. Fundi wa kweli hatakasirika.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Kona ya kompyuta hutoboa ubavu polepole. Mvua ikikishika na ukakiweka chumbani bila upepo, ukungu unaanza chini ya bitana usipouona. Uzito wote uko kwenye bega moja, na juu ya bodaboda kinatafuta kuruka. Halafu kuna suala la watu. Rafiki yangu aliingia Soko Kuu na kikapu chake cha madaftari, muuzaji mmoja akamwita kwa upole: "Mwanangu, samaki wako huku." Ukiweza kucheka hapo, kikapu kinakufaa.

Wa tatu ni turubai, na hapa naomba univumilie nitachukua muda.

Mwaka 1993 ndugu wawili wa Zürich, Markus na Daniel Freitag, walihitaji begi la baiskeli lisilopitisha mvua. Walichukua turubai kuukuu la lori, mkanda wa kiti cha gari ukawa mkanda wa bega, mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ukawa kingo. Leo mabegi yao yanabebwa na watu wa usanifu dunia nzima kwa bei ambayo sitaiandika. Sasa tazama Mtwara. Malori ya korosho yanashuka bandarini, malori ya saruji yanatoka kiwanda cha Dangote tangu 2015, na kila lori lina turubai ambalo siku moja litachakaa. Likichakaa linaishia kuezeka kibanda au kufunika kuni. Malighafi ambayo Freitag huitafuta kwa lori hadi lori sisi tunaikanyaga.

Usipeleke kazi hii kwa fundi wa nguo, utamvunjia sindano bure. Nenda kwa mafundi wa viti vya magari na pikipiki, wao wana cherehani nzito na uzi wa nailoni. Turubai lenyewe liwe lile zito la lori, lenye uzi katikati na plastiki pande zote mbili. Lile jepesi la bluu la kufunikia mahindi huchanika nyuzi nyuzi jua likilipiga. Lisugue kwa brashi na sabuni siku mbili kabla, maana harufu ya dizeli ni ya kudumu. Usimwachie fundi abuni. Kata boksi la kadibodi, lipange kama begi, mpelekee hilo kama ramani. Mwambie mapema kwamba tundu la sindano kwenye turubai halizibi kama la kitambaa, kwa hiyo akishona vibaya asifumue mara tatu. Kingo zikatwe safi bila kukunjwa, zisitune. Kwa ndani tia mfuko wa kompyuta wa kipande cha godoro chembamba kilichovalishwa kitenge. Hapo ndipo rangi yako ya siri inapokaa. Bizimu za mikanda ziwe za plastiki ngumu, kwa sababu chuma cha kawaida kitachorwa kutu na hewa ya bahari kabla hujamaliza sura ya pili.

Na jambo la kufurahisha zaidi: wewe ndiye unayechagua sehemu ya kukata. Kuna pembe yenye nusu ya herufi, kuna penye kiraka cha rangi nyingine, kuna penye mstari wa kamba uliofifisha jua. Kata hapo.

Uzito wake ni kero, sitaki kukudanganya, na mgongo utatoka jasho. Lakini mvua ya Januari itakukuta uko juu ya bodaboda na tasnifu itafika kavu.

Wa nne ni shangazi kaja, lile begi la sandarusi la miraba ya bluu na nyekundu. Louis Vuitton walilipeleka jukwaani kwenye mkusanyiko wao wa mwaka 2007, na tangu hapo wanafunzi wa ubunifu huko nje hulikata wakatengeneza mikoba. Ni utani mzuri kama mtazamaji anaujua. Kwenye kituo cha mabasi cha Mtwara hakuna anayeujua, watakuuliza unasafiri lini. Pita.

Uamuzi wangu: turubai kwa anayezunguka, ukili kwa anayetembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi maktaba, na hela ya Kånken ya kuiga ibaki mfukoni.

Shati

Wataalamu wa nguo hupima uzi hufyonza unyevu kiasi gani kutoka kwenye hewa ya kawaida. Poliesta ni kama asilimia 0.4 ya uzito wake. Pamba ni kama 8.5. Kitani, ambacho wauzaji wa mitumba hukiita lineni, ni karibu 12. Tarakimu hizo tatu zimeniamulia mabishano mengi kuliko magazeti yote ya mitindo.

Nyeusi ya wanausanifu, kwa mfano. Kimsingi si rangi mbaya. Inaficha wino, inafanya mwili uonekane msitari mmoja, na kwenye chumba chenye kiyoyozi inapendeza. Shida ni kwamba fulana nyeusi nyingi zinazofika hapa ni za poliesta au mchanganyiko wake. Saa nne asubuhi unatota, saa sita jasho limekauka na kuacha ramani ya chumvi mgongoni. Ukitaka kuvaa nyeusi Mtwara, iwe pamba tupu, iwe pana, na iwe ya jioni.

Kitenge kinahitaji maneno ya wazi, kwa sababu kila mtu huona aibu kukisema. Uchapishaji wake ulianza kwa Waholanzi walioiga batiki ya Java. Kampuni ya Vlisco ilianzishwa mwaka 1846, na soko lao kubwa likawa Afrika. Historia hiyo haipunguzi kitu, tumekishona mpaka kikawa chetu. Kinachonisumbua ni namna tunavyokivaa sasa: shati la kitenge, begi la kitenge, hereni za kitenge, raba zilizobandikwa kitenge, hadi kava la simu. Ua lililochorwa kubwa linahitaji nafasi ya kupumua. Likizungukwa na maua mengine kumi halionekani.

Kitenge kina kazi moja ambayo hakuna mshindani: siku ya kutetea. Vazi moja tu, lililoshonwa vizuri, vyote vingine vikae kimya. Nunua kitambaa cha kutosha, usibane. Pisi ya yadi sita inatoa mashati zaidi ya moja, lakini ua likiwa kubwa fundi lazima apoteze kitambaa ili nusu ya kushoto na nusu ya kulia zikutane kwenye mstari wa vifungo. Hapo ndipo jicho la mtu wa ubunifu linapotua kwanza, na hapo ndipo fundi wa haraka anapokimbia. Mwambie kabla hajakata. Halafu jihadhari na vitenge vya poliesta, vimejaa. Chomoa uzi mmoja pembeni, uwashe: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuganda kidonge kigumu. Muuzaji anayekukataza kuchomoa uzi amekwisha kukujibu.

Khanga hudharauliwa kama nguo ya nyumbani, na kwa shati la kila siku naiona bora kuliko kitenge. Ni nyepesi, inapitisha upepo, na mchoro wake tayari umepangwa: pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini. Kwa mtu anayefikiri kwa michoro, hicho ni kiunzi cha bure. Pindo likae kwenye upindo wa shati na mwisho wa mikono, mji ukae kifuani. Jina ndilo tatizo. Fundi asiyeelekezwa ataliangusha makalioni, utembee ukitangaza. Elekeza likae ndani ya bega, au mstari wa chini kushoto. Na ulisome kwanza. Huku kusini kina mama wanaovaa khanga za sare kwenye unyago na harusi husoma nguo yako kabla ya kuitikia shikamoo, na kuna majina ambayo jopo la wasahihishaji haliwezi kuyapita bila kukohoa. Fua doti yote kabla ya kukata, wanga utoke na kitambaa kirudi kinapotaka kurudi. Ukishona sketi, tia bitana.

Bado kitani cha mitumba, na kwangu huyu ndiye mshindi wa siku za kawaida.

Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Rwanda ilishikilia, Tanzania ikalegeza, na mabelo yanaendelea kufunguliwa. Ndani ya mabelo ya mashati ya kiume kuna makubwa kupindukia ya kitani ambayo hayachaguliwi, kwa sababu yamekunjamana na mtu anayeyajaribu anapotea ndani. Hayo ndiyo yako. Usiangalie ukubwa wa mwili, angalia kola na kwapa. Kola ikiwa imelika, geuza uone upande wa pili, fundi anaweza kuipindua. Kwapa likiwa la manjano, liache.

Kisha mpelekee fundi na maelekezo matatu: apunguze ubavuni bila kubana, akate mikono iishie juu kidogo ya kiwiko, na kipande kilichobaki kiwe mfuko wa kifuani. Vifungo vya plastiki vitoke, viingie vya kifuu cha nazi. Shati ulilonunua kwa bei ya chakula cha mchana, na fundi akatoza zaidi ya hapo, limekuwa shati ambalo halina pacha. Watu wengi husita hapo: "Nimlipe fundi kuliko bei ya shati lenyewe?" Ndiyo. Kitambaa cha kitani kipya kwa yadi kingekula nusu ya bajeti yako. Kunjamana kutakuwepo, kitani ndivyo kilivyo. Ukipiga pasi kila saa umechagua kitambaa kibaya.

Onyo moja kwa wanaofanya utafiti kwenye kituo cha kilimo cha Naliendele au mashamba ya Newala na Tandahimba: usivae kitani cheupe msimu wa korosho. Maji ya bibo huingia kwenye pamba na kitani yakageuka kahawia, na doa hilo halitoki kwa limau wala kwa dua. Vaa rangi ya udongo.

Viatu

Raba nyeupe ndiyo inayotamaniwa na wote na ndiyo inayokufa mapema. Barabara za vumbi zinaipaka wekundu wiki ya kwanza, lakini hilo linafulika. Hatari iko kwenye soli. Raba nyingi za zamani za mitumba zina soli ya povu la poliurethani, na tumeshasema poliurethani na unyevu hawapatani: inaonekana nzima dukani, unaivaa, soli inamegeka vipande katikati ya mji. Bonyeza soli kwa kucha kwa nguvu. Ikibaki na alama au ikitoa unga, rudisha. Chukua yenye soli ya mpira mtupu, bapa, ambayo fundi viatu anaweza kuipitisha uzi kuzunguka.

Makubazi ya ngozi yanaizidi raba kwa karibu kila kitu hapa: mguu unapumua, mkanda ukikatika unashonwa kesho yake, na ngozi ikipakwa mafuta inazidi kupendeza. Hayafai maabara na hayafai shambani, kuna nyoka. Katambuga za tairi zinavutia kwenye picha na wabunifu wa nje wanazipenda sana. Zivae kwanza kilomita mbili halafu tuongee.

Mapambo

Hapa kusini kuna kitu ambacho Kariakoo haiwezi kukuletea, nao ni mpingo kutoka kwenye chanzo. Mti huu hukua polepole, kiini chake ni cheusi na kizito kiasi cha kuzama majini, na watengenezaji wa zumari za Ulaya, klarineti na oboe, wanautegemea. Misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha misitu inayovunwa kwa utaratibu, kwa msaada wa shirika la uhifadhi la MCDI, kwa hiyo swali la "mti huu umetoka wapi" linaweza kuulizwa na kujibiwa. Uulize. Chonga hereni au pete, omba mchongaji aache ukanda wa ule mti mweupe wa nje, upate rangi mbili kwenye kipande kimoja bila gundi.

Mpingo wa uongo upo. Ni mti laini uliopakwa rangi ya viatu. Chukua kitambaa cheupe, kilowanishe, ufute. Rangi ikihama umeshajua. Au uzani tu mkononi, wa kweli unashangaza. Ukishaupata, usiuache juani kwenye dashibodi ya gari, utapasuka. Tone la mafuta ya nazi mara mojamoja linautosha.

Mshindani wake ni shaba na fedha, ambazo kwenye mitandao ndizo zinazotawala: pete nene, bangili pana, hereni kama mchoro wa mhandisi. Ni nzuri. Ila kusini zina adui wa pekee. Kati ya Juni na Agosti wakulima hupuliza salfa kwenye mikorosho kupambana na ugonjwa wa ubwiri unga, na salfa ndiyo hasa inayoigeuza fedha kuwa nyeusi na kuifubaza shaba. Siku moja shambani na pete ya fedha itakuonyesha. Kuna wanaopenda weusi huo, wanaupa jina la kisanii; kama ni wewe, vaa. Kama unataka kung'aa, acha pete nyumbani siku za utafiti. Na kwa chuma chochote cha hereni, omba ndoano ya chuma kisichoshika kutu. Nikeli ya bei ndogo ikikutana na jasho, masikio yanawasha.

Neno kuhusu michoro. Chale za usoni za Wamakonde, dinembo, zenye misitari ya kuvunjika na pembe kali, zimeanza kuonekana kwenye hereni na fulana za vijana. Ndonya, ule mduara wa mdomo waliouvaa bibi zetu, nao umegeuzwa kishaufu. Sioni ubaya wa kuchukua. Sisi ndio wajukuu. Naona ubaya wa kuchukua bila kuuliza. Bado kuna wazee Newala na Mtwara wanaoweza kukuambia msitari upi ulikuwa wa nani, na mwanafunzi wa uzamili anayeweza kuhoji watu arobaini kwa ajili ya dodoso anaweza kumwamkia bibi mmoja kwa ajili ya hereni.

Shanga za kioo ziko salama: hazishiki kutu, hazichachi, na kiunoni au shingoni ni juu yako.

Miwani, saa, daftari

Haraka haraka. Miwani ya duara iwe ya plastiki nzito, siyo ya waya, kwa kuwa waya hushika ukijani puani kutokana na jasho. Na kama uso wako ni wa duara, chagua ya pembe, Le Corbusier hatakulaumu. Saa: Casio F-91W halisi, betri yake hukaa miaka, ni nyepesi, haina cha kubanduka isipokuwa mkanda. Zaidi ya hapo ni maonyesho. Daftari jeusi la mpira ni gharama isiyo na maana. Karatasi za A4 zilizokunjwa na kushonwa katikati kwa sindano, jalada la kipande kilichobaki cha turubai lako, na una daftari ambalo mvua haliogopi.

Nani achukue nini

Kwa wewe unayeshinda shambani Naliendele, mpangilio ni turubai, khanga au pamba ya rangi ya udongo, viatu vya kufunga, hereni za mpingo tu. Fedha zote kabatini.

Kama unapima majengo ya mawe ya Mikindani, labda Boma la Wajerumani la mwaka 1895 na nyumba zilizo chini yake, utakuwa juani na chokaa itakuangukia. Kitani kikubwa chenye mfuko wa kifuani wa penseli, kofia ya ukili, makubazi siku ya kuchora na raba ya mpira siku ya kupanda ukuta. Kikapu kitakupendeza sana pale Mikindani, nakiri, lakini chukua turubai. Ndani yake rula ndefu inasimama.

Aliye Chuo Kikuu Huria na mchana ni mwalimu au muuguzi ana kazi ngumu kuliko wote, kwa kuwa anavaa kwa macho ya mwajiri saa moja asubuhi na kwa macho yake mwenyewe jioni. Yeye asibadilishe nguo, abadilishe kinachozunguka nguo. Sketi au suruali ya kawaida ya kazini, shati la kitani lililopunguzwa vizuri, kisha mpingo masikioni na kikapu chenye bitana begani. Mwenye mtandio, auchukue wa pamba ya rangi moja na aache hereni zipumzike; begi ndilo liseme.

Kuhusu laki na nusu yenyewe: theluthi kwa begi, theluthi kwa fundi nguo, iliyobaki igawanywe kati ya kitambaa, viatu na mapambo kwa mpangilio huo. Mashati ya kitani yatafute kuanzia Februari, pesa za korosho zikishaondoka mjini na wauzaji wana muda wa kukuachia upekue belo hadi chini. Fundi mpelekee kazi kabla ya Oktoba. Minada ya korosho ikishaanza, sare za harusi zinajaa kibarazani mpaka juu ya cherehani, na shati lako la kupunguza ubavu litakaa chini ya hizo mpaka Januari.